Shindano, zawadi ya kudumu, mlango wako mwenyewe au makubaliano ya uokoaji: umlipe vipi anayegundua dosari kwenye mkataba wa DeFi?

Tarehe 3 Desemba 2021 mtafiti mmoja wa usalama aliripoti kwamba mkataba mahiri (programu inayoshika na kuhamisha fedha yenyewe) wa MATIC, tokeni au sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Polygon, ulikuwa na dosari kubwa: ungeweza kuhamisha tokeni bila kuhakikisha kama mtumaji anazo. Kesho yake mtafiti wa pili akaleta dosari ileile. Siku hiyohiyo mwizi naye akaiona, akachota tokeni 801,601 kabla ya mtandao kusasishwa tarehe 5. Watu watatu waliiona dosari moja ndani ya siku mbili, na tokeni zaidi ya bilioni 9 zilikuwa hatarini. Mtafiti wa kwanza alilipwa dola milioni 2.2 kwa sarafu thabiti (ya kidijitali, thamani yake imefungwa kwenye dola), wa pili akapewa MATIC 500,000.

Nalikumbuka tukio hili kila ninapoulizwa na timu changa kama kweli kuna haja ya kuwalipa watu wasiowajua. Mkataba mahiri wa DeFi, yaani huduma za fedha zinazoendeshwa na programu bila benki, uko wazi kwa dunia nzima usiku na mchana, na fedha zimo ndani yake. Atakayeuchunguza yupo, umemwalika au hujamwalika. Kinachobaki mikononi mwako ni kuamua akishaona kitu aende wapi, apate nini, na akuamini kiasi gani. Timu nyingi hukwama hapo, kwa sababu njia za kulipa ni zaidi ya moja na kila moja ina watetezi wake wenye sauti kubwa.

Nitalinganisha nne: shindano la ukaguzi, zawadi ya kudumu kupitia jukwaa (kampuni inayopokea na kuchuja ripoti kwa niaba yako), zawadi unayoiendesha mwenyewe, na makubaliano ya uokoaji. Ukaguzi wa kampuni kwa mkataba wa malipo nimeuacha nje. Huo ni ununuzi wa huduma, na hakuna hata moja kati ya hizi nne inayochukua nafasi yake.

Vipimo tutakavyotumia

Cha kwanza ni wakati: njia inafanya kazi kabla msimbo haujaenda hewani, ukiwa hewani, au moto ukiwa umeshawaka? Cha pili ni fedha: unalipa muda wa watu au unalipa kilichopatikana tu? Cha tatu ni watu inaowavuta, maana anayefukuzana na saa katika shindano si yuleyule anayekaa miezi mitatu na daraja moja (mfumo wa kuhamisha tokeni kati ya mitandao). Cha nne ni kazi inayobakia kwako, hasa ya kusoma ripoti. Cha tano, kinachosahauliwa kuliko vyote, ni ulinzi wa mtafiti: anajuaje kwamba utamlipa, na anajuaje kwamba hutamgeuzia kibao na kumpeleka polisi?

1. Shindano la ukaguzi

*Wakati.* Kabla ya kwenda hewani. Msimbo unagandishwa, unatangazwa wazi, na kwa wiki moja hadi kadhaa yeyote anaweza kuuchambua. Baada ya hapo dirisha linafungwa.

*Fedha.* Fungu hutangazwa mapema. Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, walitenga dola milioni 2.35 kwa shindano la toleo lao la nne mwaka 2024, na watafiti zaidi ya 500 wakajitokeza. Euler, mfumo wa mikopo, nao mwaka huohuo waliweka milioni 1.25 kwa toleo lao la pili. Hayo ni mafungu ya wakubwa. Miradi ya kawaida hutenga makumi ya maelfu. Jambo la kulielewa vizuri ni kwamba fungu, au sehemu yake kubwa, hutoka hata kama hakikupatikana cha kutisha. Umenunua macho ya watu kwa muda fulani.

*Watu.* Hapa kanuni ya ugavi ndiyo inayoamua mengi, na inafaa kuitazama kwa karibu. Code4rena, jukwaa lililoanza mwaka 2021 na kuzipa mashindano haya umaarufu, lilitumia hesabu hii: dosari kubwa ina hisa 10 kwenye fungu. Unazizidisha kwa 0.9 iliyopandishwa kwa kipeo cha idadi ya waliogundua ukitoa mmoja, kisha unagawanya kwa idadi yao. Ukiipata peke yako, hisa ni 10. Mkiipata wawili, kila mmoja ana 4.5. Mkiwa watatu, 2.7. Mkiwa kumi, kila mmoja anabaki na 0.39 hivi. Dosari ya kati huanza na hisa 3. Maana yake, dosari ya kati uliyoiona peke yako inakulipa kuliko kubwa iliyoonwa na watu watatu.

Mtafiti mzoefu akishaielewa hesabu hiyo hapotezi muda kwenye kona ambazo kila mtu atapita. Anakwenda kwenye vichochoro: namna riba inavyokusanywa pale mkopaji anapolipa nusu, au kinachotokea bei ya rejeleo (inayoletwa kwenye mkataba kutoka nje) ikichelewa. Kwa mwenye mradi hilo ni jema. Kuna upande wa pili: dosari iliyo wazi sana inaweza kuachwa na mzoefu akiamini wengine wataileta, na wengine nao wakafikiri hivyohivyo.

*Kazi kwa timu.* Nzito, na inakuja kwa mkupuo. Ripoti zinaweza kufika mamia, nyingi zikirudia jambo moja kwa maneno tofauti. Siku hizi zipo pia zilizoandikwa na akili mnemba: zimenyooka kwa lugha na kuelezea dosari ambayo haipo. Waamuzi wa jukwaa huchuja, lakini wewe ndiye unayeujua mfumo, na wiki mbili baada ya shindano usitegemee kuandika msimbo mpya.

*Ulinzi wa mtafiti.* Mzuri. Fungu liko kwa mwandaaji kabla ya siku ya kwanza, kanuni zinajulikana, na kuna nafasi ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi. Kwa kijana anayeanza, jina lake kwenye orodha ya matokeo ni cheti ambacho hakuna chuo kinachokitoa.

*Linamfaa nani.* Timu yenye msimbo uliokamilika na ambao bado haujashika fedha za watu. Halimfai anayebadilisha msimbo kila wiki, kwani kilichokaguliwa Machi si kile kitakachokuwa hewani Juni.

2. Zawadi ya kudumu kupitia jukwaa

*Wakati.* Kuanzia siku mkataba unapokwenda hewani hadi siku unapozimwa.

*Fedha.* Unalipa kilichopatikana tu, pamoja na ada ya jukwaa. Immunefi, lililoanzishwa Desemba 2020, limezoeleka kutoza asilimia 10 juu ya zawadi. Jukwaa hilo ndilo lililoeneza pia desturi ya kulipa dosari ya hatari kabisa kiasi kinachofikia asilimia 10 ya fedha zilizokuwa hatarini, kukiwa na ukomo uliotangazwa. Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Aliyeshika ufunguo wa sanduku la milioni mia moja akaambiwa atapewa elfu tano na fulana, unamweka kwenye majaribu ambayo hukulazimika kumwekea.

Wormhole walilijua hilo kwa uchungu. Tarehe 2 Februari 2022 daraja lao liliibiwa tokeni 120,000 zinazowakilisha ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum, thamani ya dola zaidi ya milioni 300. Wakatangaza zawadi ya hadi milioni 10. Tarehe 24 ya mwezi huohuo mtafiti anayejiita satya0x akaripoti kwamba mkataba wa utekelezaji ulio nyuma ya daraja upande wa Ethereum ulikuwa umeachwa bila kuanzishwa. Yaani ile hatua ya mwanzo ya kuuambia mkataba wakuu wake ni akina nani ilikuwa haijakamilika, na mpitanjia yeyote angeweza kuikamilisha kwa kujitaja yeye, kisha akaufuta mkataba na kuzifungia fedha zote ndani milele. Alilipwa milioni 10 kamili. Hakuna senti ya mtumiaji iliyopotea kwa dosari hiyo.

*Watu.* Inawavuta wawindaji wa peke yao, wenye subira. Wengine hawakuwa wakiwinda chochote: Jay Freeman, anayejulikana kwa jina la saurik, alikuwa akichambua malipo madogomadogo ya mradi mwingine alipoona mwanzoni mwa 2022 kwamba mtandao wa Optimism ungeweza kuzalisha ETH kutoka hewani. Mlango ulikuwapo tayari, akaupitia, akalipwa dola 2,000,042. Kwangu hiyo ndiyo thamani kuu ya njia hii: mtu aliyejikwaa juu ya dosari saa nane usiku haanzi kujiuliza apige hodi wapi.

Lakini mlango uliofunguliwa haumlazimishi mtu kuingia. Euler ya kwanza ilikuwa na zawadi ya dola milioni moja. Julai 2022 waliongeza kipengele kilichomruhusu mtumiaji kuchangia akiba ya mfumo kutoka kwenye dhamana yake. Kipengele kilikaguliwa. Kilichokosekana ni hatua moja: baada ya mchango, hakuna aliyeuuliza mkataba kama akaunti bado inaweza kubeba deni lake. Kwa miezi minane dosari ilikaa hadharani. Tarehe 13 Machi 2023 ikaondoka na dola milioni 197. Sehemu kubwa ilirudishwa wiki chache baadaye, lakini kilichoirudisha hakikuwa ile zawadi. Milioni moja ilikuwa karibu nusu ya asilimia moja ya kilichochukuliwa.

*Kazi kwa timu.* Ndogo kila siku, ila haiishi. Jukwaa huchuja takataka, wewe unabaki na ripoti zinazohitaji jibu ndani ya saa chache. Kama hakuna mtu mwenye zamu wikendi, hujajiandaa.

*Ulinzi wa mtafiti.* Wastani hadi mzuri. Kuna mpatanishi, kuna masharti yaliyoandikwa. Ugomvi huzuka kwenye kiwango cha uzito wa dosari: mtafiti anasema ni ya hatari kabisa, mradi unasema ni ya kati, na tofauti yake ni malipo ya mwaka mzima. Mradi ulioweka fedha za zawadi kwenye mkataba wa amana unaoonekana na wote huaminiwa zaidi ya ule ulioandika tarakimu kubwa kwenye ukurasa.

*Inamfaa nani.* Mradi wowote wenye fedha za watu zinazoongezeka, hasa wenye msimbo usiobadilishika. Uniswap, baada ya kaguzi tisa na lile shindano, bado waliweka zawadi ya hadi dola milioni 15.5 kabla ya toleo la nne kuanza kazi Januari 2025.

3. Zawadi unayoiendesha mwenyewe

*Wakati.* Wakati wowote. Unaweza kuianza leo jioni kwa ukurasa mmoja na anwani ya barua pepe.

*Fedha.* Hakuna ada ya mtu wa kati. Unapanga mwenyewe viwango na unalipa ukiona.

*Watu.* Wachache zaidi, mara nyingi wale wanaoutumia mfumo wako au wanaojenga juu yake. Njia hii ndiyo kongwe: Netscape walitoa zawadi za namna hii mwaka 1995. Na si ya wadogo pekee. Wakfu wa Ethereum hupokea moja kwa moja ripoti zinazohusu mtandao wenyewe, kwa kuwa una watu wanaoweza kuzipima.

*Kazi kwa timu.* Yote ni yako: kusoma, kupima, kujadiliana, kulipa, kuweka kumbukumbu. Ripoti ya kwanza ikija huku mnaandaa toleo jipya, mtaisogeza kesho, na kesho yake tena.

*Ulinzi wa mtafiti.* Hapa ndipo njia hii huanguka, na nasema kwa kuwa yalinikuta. Niliwahi kutuma ripoti kwa mradi mmoja uliokuwa na zawadi yake wenyewe. Ilikuwa dosari ya mgao wa hisa za waweka fedha: mtu wa kwanza kuweka fedha angeweza kuweka kiasi kidogo kabisa, kisha akatuma tokeni nyingi moja kwa moja kwenye mkataba, na anayefuata akapewa hisa sifuri kwa sababu hesabu inakata desimali. Niliambatisha jaribio lililoendesha shambulio zima kwenye nakala ya mtandao iliyoko kwenye kompyuta yangu. Siku mbili baadaye niliona marekebisho kwenye hazina yao ya msimbo, kimyakimya. Wiki tatu baadaye ndipo nikajibiwa: "Tulikuwa tunaijua." Sikuwa na wa kumlalamikia. Fedha iliniuma kidogo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tangu siku hiyo sijafungua tena msimbo wao, na nawajua wenzangu wawili waliofanya vilevile.

Anayeendesha mwenyewe ana dawa ya hilo, na haina gharama: andika muda wa kujibu na uutimize, weka kumbukumbu ya dosari mnazozijua yenye tarehe isiyoweza kughushiwa ili ukisema "tunaijua" uthibitishe, na taja mapema mtu wa nje atakayeamua mkitofautiana.

*Inamfaa nani.* Timu yenye mhandisi anayeweza kupima ripoti siku hiyohiyo, au mradi mdogo ambao hauwezi bado kuahidi viwango vya majukwaa.

4. Makubaliano ya uokoaji

*Wakati.* Shambulio likiwa linaendelea. Si kabla.

Agosti 2022 daraja la Nomad lilichotwa karibu dola milioni 190 kwa namna ya kusikitisha. Sasisho moja lilikuwa limeufanya mkataba uichukulie thamani ya sifuri kuwa uthibitisho halali, hivyo ujumbe wowote ulikubaliwa. Mtu wa kwanza alipofaulu, wengine walinakili muamala wake, wakabadilisha anwani ya mpokeaji, wakaurusha. Hapakuhitajika utaalamu. Miongoni mwa waliokuwa wakitazama walikuwepo wenye uwezo wa kuchukua fedha ili wazirudishe, lakini wakaogopa: ukichota ukiwa na nia njema, kwa mwendesha mashtaka umechota tu.

Ndiyo sababu Security Alliance, kundi linaloongozwa na mtafiti anayejulikana kama samczsun, lilitoa mwaka 2024 mkataba wa kisheria unaoitwa Safe Harbor. Mradi unaukubali mapema na kutangaza mikataba inayohusika, anwani ya kurejeshea fedha, na asilimia ambayo mwokoaji atabaki nayo pamoja na ukomo wake.

*Fedha.* Hulipi kitu mpaka siku ya balaa, na hapo unalipa kutoka kwenye kilichookolewa.

*Watu.* Wachache mno: wenye roboti zinazofuatilia miamala kabla haijathibitishwa. Julai 2023, mabwawa ya Curve (mifuko ya fedha ya soko la kubadilishana tokeni) yaliposhambuliwa kwa dosari iliyokuwa kwenye lugha ya programu ya Vyper yenyewe, mwendeshaji wa roboti mmoja, c0ffeebabe.eth, alimtangulia mshambuliaji na kurudisha ETH 2,879. Watu wa aina hiyo hawajazi fomu.

*Kazi kwa timu.* Wakili mmoja, kura moja ya wenye tokeni, kisha kusasisha orodha ya mikataba kila mnapoongeza mpya.

*Ulinzi wa mtafiti.* Mradi unaahidi kutomshtaki. Serikali haifungwi na ahadi hiyo, na ni lazima mtafiti alijue hilo kabla hajagusa chochote.

*Yanamfaa nani.* Madaraja na mifumo yenye fedha nyingi ambayo haiwezi kusimamishwa kwa kitufe. Usiyachanganye na "zawadi" ya kumbembeleza mwizi. Mango Markets, soko la sarafu za kidijitali, Oktoba 2022 walimwachia Avraham Eisenberg, aliyekuwa amechota fedha zao, takriban dola milioni 47 kwa kura ya wenye tokeni. Alikamatwa mwezi wa Desemba, akapatikana na hatia 2024, na mwaka 2025 jaji akaitengua hukumu. Zaidi ya miaka miwili ya mahakama, kwa sababu masharti yaliandikwa baada ya fedha kuondoka.

Kwa hali yako

*Msimbo uko tayari, fedha hazijaingia.* Shindano, hata dogo, likitanguliwa na majaribio yenu wenyewe. Fungu la shindano lisimalize akiba, kwa kuwa zawadi ya kudumu inapaswa kuwa tayari siku ya kwanza hewani.

*Mko wawili au watatu, na ndani kuna dola laki chache.* Mlango wenu wenyewe, kwa masharti yale matatu niliyotaja. Ahidini mnachoweza kulipa wiki hii. Asilimia 10 ya laki tatu ni elfu thelathini, na ziwe kwa sarafu thabiti. Tokeni yenu yenyewe inaweza kuporomoka siku dosari inapotangazwa, yaani siku ileile mtafiti anapolipwa.

*Fedha zinapita milioni kadhaa na zinaendelea kupanda.* Jukwaa. Pangeni tarehe ya kuupitia ukomo wa zawadi kila robo mwaka. Zawadi iliyotosha mfuko ukiwa na milioni mbili haimshawishi mtu ukiwa na mia mbili.

*Mnaongeza vipengele mara kwa mara.* Kumbukeni Euler. Kila kipengele kipya kipate shindano dogo au mkaguzi, kisha kwa mwezi wa kwanza ongezeni zawadi kwa kipengele hicho pekee na mtangaze wazi ni mistari ipi ya msimbo imebadilika.

*Mnaendesha daraja.* Jukwaa na makubaliano ya uokoaji kwa pamoja, kabla hamjapokea mteja wa kwanza.

*Wewe ndiye mtafiti, uko Nairobi, Mwanza au Bujumbura.* Shindano ni pa kuanzia, kwa sababu malipo hayategemei hisani ya mtu na utasoma ripoti za waliokushinda. Ukihamia kwenye zawadi za kudumu, soma masharti kabla ya msimbo: wanalipa kwa sarafu gani, wanadai pasipoti au la, mikataba ipi imo na ipi haimo, na unaruhusiwa kuchapisha lini. Jaribio lako lisitoke kwenye nakala iliyoko kwenye mashine yako. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na zote zinaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Ruhusa hiyo ni ule ukurasa wa masharti, kwa hiyo uhifadhi ukiwa na tarehe ya siku uliyoanza kazi.